Ngozi ya Mzee Wamalwa

Wasike alitumwa jioni. Mtu aliyetumwa na mzungu siku zile hakuuliza kwa nini kazi isingoje kesho. Alichukua kofia yake akaenda. Bwana alitaka jozi ya mwisho ya viatu kutoka kwa Nyongesa, fundi wa ngozi, kabla giza halijaingia, kwa sababu alfajiri lori lingeondoka kwenda mlimani.

Viatu vyenyewe vilikuwa kichekesho cha shamba zima. Mwaka ule, mwaka uliofuata nzige, baridi ilishuka Uasin Gishu mpaka maji ya ng'ombe yakawa yanaganda asubuhi. Siku moja Bwana alikwenda Kitale kununua mbegu, akatazama kwa darubini, akaona kilele cha Elgon kimekuwa cheupe pepepe. Alirudi shambani akicheka peke yake. Kabla ya kuja kulima mahindi huku, kwenye njia ya kutoka Eldoret kwenda Plateau, alikuwa ameishi Kanada, na huko, alisema, watu hutembea juu ya theluji bila kuzama kwa kuvaa viatu vipana vya fito na kamba. Akachora kimoja ardhini kwa fimbo. Nyongesa akapinda fito mbichi, akazisuka katikati kwa kamba za ngozi, na kiatu kilipokamilika wanawake wakauliza kama ni cha kuvaa au cha kupepetea wimbi. Tangu siku hiyo watu wa shamba waliviita nyungo.

Wasike alicheka pamoja na wengine mpaka alipotajwa kati ya wapagazi. Hapo kicheko kiliisha. Selpha, mke wake, alikuwa na mimba ya miezi ya mwisho. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na mara zote mbili Wasike alikuwa mbali kwenye safari za Bwana. Selpha si mwanamke wa kulia ovyo. Alimwambia tu, huku akisonga ugali, "Safari hii unirudie. Hii ikiharibika na wewe hauko tena, sitakusamehe. Na usifikiri ni mchezo." Basi kabla hajabeba mzigo wowote wa Bwana, Wasike alikuwa na huo wake tayari: arudi nyumbani, akiwa hai, kabla mtoto hajafika.

Alikuta banda la Nyongesa limefungwa. Jua lilikuwa bado linaonekana juu ya miti, na fundi yule hakuwa na desturi ya kufunga mlango hata usiku.

Akabisha.

"Ni nani?" Sauti ilitoka ndani, ndogo kabisa.

"Ni mimi, bakoki. Fungua."

Hatua zikaja mpaka nyuma ya mlango.

"Sema jina ya mama yako."

"Wewe umelewa saa hii? Ni Wasike."

Nisimame hapa kidogo, maana asiyelijua neno bakoki hataielewa habari yote. Wasike na Nyongesa walitahiriwa mwaka mmoja, alfajiri moja, wakiwa wamepakwa tope la kijito kimoja. Kwa Wabukusu mtu wa namna hiyo humwiti rafiki. Unamwita bakoki, na ana haki kwako ambazo hata ndugu wa tumbo moja hana. Anaweza kukutukana mbele ya mkweo nawe ukacheka. Anaweza kuingia jikoni kwako akala chakula cha watoto. Na zaidi ya yote, akikupa kitu kwa mikono yake miwili, hukikatai wala hukirudishi. Kukirudisha ni kumwambia kwamba damu mliyomwaga pamoja ilikuwa maji.

Komeo likaondolewa. Nyongesa alikuwa amekonda ghafla, macho mekundu kama aliyeshinda kwenye moshi. Hakutoka nje. Alichungulia nyuma ya Wasike, kulia, kushoto, kisha akamvuta ndani kwa mkono.

"Mlango wako umekwaruzwa na nini?" Wasike akauliza.

"Mbwa."

Mikwaruzo ilianzia usawa wa kifua cha mtu.

Wasike aliiona, akajiambia mbwa wengine ni warefu. Ndivyo tulivyo, jambo likitutisha tunalitafutia mbwa. Ndani mlinuka ngozi, jambo la kawaida kwa fundi, lakini chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, ya gunia lililonyeshewa likaachwa kona. Nyongesa alimpa viatu vya Bwana. Kisha akainama chini ya kitanda, akatoa jozi nyingine, akaishika kwa mikono miwili.

"Hii nilikuwa nimejifanyia mimi. Ni mzuri kushinda zote. Chukua wewe, mimi nitavaa ile yako."

"Na yangu iko na nini?"

"Iko sawa. Lakini wewe uko na bibi anakungojea, bakoki. Wewe ndiye unatakiwa kurudi."

Wasike aliguswa. Alivipokea kwa mikono miwili vilevile, akamshukuru kwa moyo wote, jambo ambalo baadaye lilimuuma kuliko yote. Alipogeuka kuondoka, Nyongesa alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani.

Nyumbani Selpha aliona vile viatu akasema vinanuka msiba. Wasike akamwambia pua ya mwenye mimba haina adabu. Lakini kwa kweli msiba ulikuwepo. Mzee Wamalwa, dereva wa magari ya Bwana ya kukokotwa na ng'ombe, alikuwa amezikwa juzi tu katika mvua. Alikuwa mtu wa nyumbani, Mbukusu kama wao, mpole, mwenye guu kubwa la kushoto lisilo na kidole cha mwisho, kwa sababu gurudumu lilikichukua miaka ya nyuma. Alikuwa amebatizwa na aliimba kwa sauti kanisani, ila kuhusu kufa alikuwa na neno moja tu: msinitie ardhini bila ngozi. Baba zake walizikwa wamefunikwa ngozi ya ng'ombe, naye alikuwa na ng'ombe wake mmoja kwa ajili hiyo. Ng'ombe alichinjwa. Ngozi akakabidhiwa Nyongesa, na ni yeye aliyemfunga mzee, peke yake, kibandani. Wengine walibeba mzigo uliofunikwa blanketi, wakaomba, wakafukia haraka kwa sababu ya mvua.

* * *

Walikuwa watano. Bwana na kaka yake kutoka Nairobi, mtu mnene aliyechoka kabla ya kushuka kwenye lori, Wasike, Nyongesa, na Kipngetich, mchungaji wa Bwana, aliyezaliwa chini ya mlima ule upande wa Endebess na kuujua kama boma la baba yake. Kipngetich alisema maneno machache na kila moja alilipima kwanza.

Walipita msitu, wakapita mianzi, wakafika kule juu ambako mimea inasimama kama watu waliovaa makoti. Walilala katika pango ambalo wachungaji hulala na ng'ombe zao. Asubuhi iliyofuata, mchana kweupe, wakaifikia theluji.

Wasike hakuwa amewahi kuona kitu kama kile. Weupe mtupu, kimya mpaka masikio yanajisikiliza yenyewe. Bwana alifurahi sana.

"Vaa kiatu yote! Pesi pesi!"

Wakavaa. Kaka yake Bwana akapiga hatua tatu, akakanyaga kiatu kimoja kwa kingine, akaanguka kifudifudi, na wapagazi wakageuka upande wa pili ili wacheke kwa heshima. Nyongesa alizama mpaka magoti. Hata Kipngetich alijikwaa. Lakini Wasike, aliyebeba mzigo mzito kuliko wote, alikwenda tu. Viatu vyake havikuzama. Alijisikia mwepesi kama mtu anayeshikwa kwapani na kusaidiwa kutembea.

"Ona huyu!" Bwana akasema. "Huyu kama alizaliwa Kanada."

Walitembea kwa mstari, Bwana mbele, kaka yake akimfuata, kisha Wasike, Nyongesa nyuma mbali kidogo, Kipngetich mwisho. Kila Wasike alipogeuka kumwangalia Nyongesa, Nyongesa alikuwa ameinama akitazama njia. Kutazama tu. Hakuitikia mzaha hata mmoja, na bakoki asiyeitikia mzaha ni mgonjwa au ana siri.

Wakati wa adhuhuri Kipngetich alimpita Nyongesa, akaja mpaka begani kwa Wasike.

"Nani anatembea bila viatu?" akanong'ona.

"Hakuna."

"Angalia nyuma yako."

Wasike akaangalia. Alama za nyungo zake zilikuwa zimelala juu ya theluji, pana, safi, moja baada ya nyingine. Na katikati ya kila moja palikuwa na unyayo wa mtu. Unyayo mtupu, mkubwa, vidole vimekaza kama vya mtu anayesikia baridi.

Wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho.

Alitazama mbele ya ncha za viatu vyake, theluji nzima isiyoguswa. Akapiga hatua moja. Akainua mguu, akageuka.

Unyayo ulikuwa tayari umo.

"Usisimame," Kipngetich akasema. "Tembea. Usiite mtu."

Ukungu ulishuka bila upepo. Kwanza kilele kilipotea, halafu Bwana, halafu mgongo mnene wa kaka yake. Sauti ya Bwana ikasikika mbele ikitoa amri warudi pangoni, kila mtu afuate alama alizokuja nazo. Wasike akageuka. Afuate alama zake mwenyewe? Alizikanyaga akiwa amefumba macho nusu, akisoma zaburi ambayo maneno yake yalikuwa yanamtoka.

Kraa... kraa... Hiyo ni miguu yake.

Halafu, katikati ya kraa na kraa, hatua laini. Ya nyama.

Akanusa gunia bichi. Kwenye theluji, mahali ambapo hakuna hata jani la kuoza, gunia la mahindi lililonyeshewa.

"Baridi..."

Haikuwa sauti ya kutisha, na hilo ndilo lililomvunja nguvu. Ilikuwa sauti ya mzee anayeomba asogezewe moto.

"Baridi, mwanangu... nifunike..."

Wasike alikimbia. Mtu aliyevaa nyungo na kubeba mzigo hakimbii, lakini yeye alikimbia, na wakati wote viatu vilikuwa vyepesi, vyepesi, na kwapani mwake palikuwa na ubaridi wa vidole.

* * *

Pangoni, Bwana na kaka yake waliwasha moto wao karibu na mlango, wakafungua chupa, wakacheka kuhusu ukungu. Wapagazi walikuwa na moto wao upande wa ndani. Wasike alivua viatu, akavitupa mbele ya Nyongesa.

"Hii ngozi ni ya ng'ombe gani?"

Nyongesa alitazama moto.

"Nimekuuliza."

"Ngozi ya Bwana iliisha," Nyongesa akasema polepole. "Ilibaki kipande ya jozi moja, nikaacha nje, mbwa wakala. Bwana alisema ikikosa hata jozi moja nitoke shamba, mimi na bibi na watoto, na mahindi yangu yabaki. Mzee alikuwa amekufa, bakoki. Nilisema aliyekufa hasikii baridi."

"Ulimfunga na nini?"

"Magunia."

Kipngetich alitoa mlio mdogo wa ulimi, akasogea mbali kidogo.

"Mtu alikupa kazi moja," Wasike akasema. "Mzee aliomba kitu moja dunia nzima."

"Najua. Alinifuata nikijua ni kwa nini. Hiyo siku ya kwanza nililala na hivyo viatu chini ya kitanda, akaja. Akakwaruza. Ananiambia baridi, baridi, mpaka asubuhi. Anafuata ngozi. Mahali iko, anaenda."

"Na ukanipa mimi."

Nyongesa akasukuma ukuni motoni.

"Ukanipa na mikono miwili."

"Wewe ni mtu wa maombi. Nilifikiri hawezi kukugusa..."

"Ulijua siwezi kukataa." Wasike alinong'ona, ili wazungu wasisikie, lakini kunong'ona huko kulimkwaruza koo. "Ungeweza kuacha huko porini. Ungeweza kupeleka kaburini. Ulichagua mimi, kwa sababu mimi ndiye mtu pekee hapa duniani hawezi kurudisha kitu yako. Na ukanitajia Selpha. Ukanitajia bibi yangu, Nyongesa."

Hofu yote aliyotoka nayo kwenye theluji ilikuwa ndogo mbele ya hilo. Mzee Wamalwa alikuwa na haki ya kumfuata. Hata angemnyonga, ilikuwa haki yake. Lakini huyu walilala naye kwenye nyasi moja vidonda vyao vikipona. Huyu alimjua mama yake. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, nao wanasema kwa wepesi kwa sababu hawajawahi kuvua nguo wakakuta ni nani.

Kipngetich akazungumza bila kugeuza kichwa. "Kwetu aliyekata ndiye anarudisha. Aende kwa theluji, aweke chini, aseme ni yeye. Kabla ya giza. Giza ikiingia, yule atakuja hapa, na hapa tuko watano."

Nyongesa akatazama nje. "Ukungu iko. Nitapotea."

"Nitasimama mlangoni," Wasike akasema. "Ukiita, nitaitikia. Utafuata sauti yangu."

"Utaitikia?"

"Nimesema."

Kisha Wasike akafanya jambo ambalo Mbukusu akilisikia hushika mdomo. Alivirudisha vile viatu. Hakuvishika kwa mkono. Alivisukuma kwa mguu, kama mtu anavyosukuma mfupa kwa mbwa, mpaka vikagusa goti la mwenzake. Nyongesa alivitazama. Machozi yakamtoka, akavichukua, akajifunga blanketi, akatoka. Bwana alimwuliza anakwenda wapi, naye akasema anakwenda haja.

Ukungu ulimmeza kabla hajafika mbali.

Wasike alisimama mlangoni, mgongo kwenye jiwe. Mwanga wa mchana ulikuwa unakwisha, weupe ukigeuka kijivu.

"Bakoki!"

"Hapa!"

Kimya. Theluji haina mwangwi.

"Bakoki!" Mbali zaidi.

"Hapa! Niko hapa!"

Halafu sauti ya Nyongesa akizungumza na mtu. Alikuwa akiomba msamaha kwa Kibukusu, kwa maneno ya watoto wanapoomba wasichapwe. Akataja jina la mzee. Akataja kosa lake. Alilisema lote, na mtu asije akasema kwamba hakulisema.

Kisha akanyamaza... kama anayesikiliza.

"Bakoki." Sauti sasa ilikuwa ya ajabu, tulivu. "Bakoki, ameshika viatu. Anasema imekatwa. Anasema kamba haifuniki mtu."

Wasike akafungua mdomo.

"Anasema anataka nzima."

Mdomo ukabaki wazi.

"Bakoki! Niko wapi? Niitikie!"

Angeitikia, mwenzake angejua njia. Na yule mwingine pia angeijua. Aliwaza hilo, kweli aliwaza. Aliwaza Selpha, aliwaza tumbo lake chini ya leso. Lakini chini ya mawazo hayo mazuri palikuwa na lingine, gumu kama jiwe la figa. Ulinipa mimi. Sasa jionee. Na baadaye, katika miaka yote aliyoishi, hakuweza kusema ni wazo lipi kati ya hayo lililomfunga ulimi.

"Bakoki! Wasike! Uliniambia! Wasike weee..."

Kipngetich alikuwa amesimama nyuma yake. Hakumwambia aitikie wala asiitikie.

Sauti ikaita. Ikaita. Ikawa haiiti jina tena, ni sauti tu, na chini yake mlio ambao Wasike aliufahamu kwa kuwa alikuwa ameshika miguu ya ng'ombe wengi siku za kuchinja. Mlio wa ngozi ikiachana na nyama, taratibu, kwa mkono wa mtu asiyetaka kuitoboa.

Kisha kimya.

Giza lilikuwa limeshika mlango wa pango Nyongesa alipotokea katika ukungu. Alikuja moja kwa moja, bila kupapasa, bila kuongozwa na sauti ya mtu. Hakuwa na viatu wala blanketi. Alimpita Wasike, akaenda kwenye moto, akaketi karibu nao mno, akanyoosha mikono.

"Sasa nasikia vizuri," akasema.

Bwana alimtazama na miguu yake mitupu, akatikisa kichwa kwa furaha. "Huyu ngumu sana! Huyu si mtu!"

Kaka yake akacheka. Kipngetich alichukua blanketi lake akaenda kulala upande wa wazungu, na hakufukuzwa.

Wasike aliketi akitazama mikono ile mbele ya moto. Ilikuwa ya Nyongesa, yenye kovu la kisu cha ngozi kwenye kidole gumba. Ila pale kwenye kifundo cha mkono ngozi ilikuwa imejikunja kidogo, kama shati la kuazima.

* * *

Alimkuta Selpha bado hajajifungua. Mtoto alikuja kabla wiki haijaisha, wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha shamba lote. Selpha alimtazama mumewe kutoka kitandani, akasema, "Umerudi," na huo kwake ulikuwa wimbo mzima wa sifa. Wasike alimshika mtoto akalia, na wanawake wakadhani ni furaha.

Nyongesa hakurudi kwenye ngozi. Alisema mikono yake haitaki tena kisu, akaomba magari ya ng'ombe, nayo yalikuwa hayana dereva. Bwana akamsifu: ng'ombe walimtii siku ya kwanza. Shambani watu walisema mlima umemtuliza. Alipokutana na Wasike njiani hakumtukana, hakumtania. Alivua kofia kama mzee anavyomvulia kijana aliyemfanyia jambo la heshima, akapita.

Wasike alianza kuzunguka upande wa pili wa zizi ili wasikutane.

Lakini Kageha, mke wa Nyongesa, hakuzunguka. Alimngoja kijitoni jioni moja, mtungi wake umeshajaa na kutuliwa chini. Alikuwa Mmaragoli, mfupi, msema kweli, na hakuanza na salamu.

"Wewe ni bakoki yake," akasema. "Wewe ulienda na yeye. Nataka uniambie."

"Nikuambie nini, Mama?"

"Analala ameketi, karibu na moto mpaka naogopa atashika. Asubuhi na jioni anajipaka mafuta ya ng'ombe. Mwili mzima. Anasugua, anasugua, anavuta hapa kwa shingo. Mimi nimeishi na fundi wa ngozi, Wasike. Najua mtu anapaka hivyo kitu gani, na ni ya nini. Ni ndiyo isipasuke."

Maji yalikuwa yakipita. Wasike aliyatazama.

"Hanipigi. Nyongesa alikuwa akinipiga mara moja moja, wewe unajua. Huyu ananiambia asante nikimpa chakula. Watoto wanamkimbia, na yeye hakasiriki." Sauti yake ilishuka ikawa pumzi tu. "Na kuna mwingine anakuja nyuma ya nyumba. Nasikia analia. Anasema ni yeye ndiye bwana yangu, nimfungulie, upepo unamchoma kila mahali. Nikichungulia, kuna kitu nyekundu imeinama kwa ua. Sasa nakuuliza. Ulienda na bwana yangu, ukarudi na mtu. Huyu uliniletea ni nani?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Palikuwa na watu wawili tu na maji. Kageha hakuwa amemkosea lolote. Alikuwa amekesha na Selpha usiku wa uchungu, akimshika mgongo. Kama kuna mtu aliyestahili neno moja la kweli kutoka kwake, ni huyu. Lakini ukweli huo ulikuwa na mkia. Angesema kilichorudi, angeulizwa kilichobaki. Angesema kilichobaki, angeulizwa kilibakije. Na Kageha angesema, alikuita? Na wewe?

"Ni bwana yako," Wasike akasema. "Mlima ulimtia baridi tu. Itamtoka."

Kageha alimtazama kwa muda mrefu. Wasike aliona jinsi uso wake ulivyomwamini kwanza kwa mazoea, kisha ukaacha kumwamini, kisha ukaelewa kwamba hakuna mwingine wa kuulizwa.

"Umesema wewe," akasema.

"Nimesema."

Akajitwisha mtungi. Hakumwomba amsaidie. Wasike alimwangalia akipanda mteremko hadi nyumbani kwake, ambako mwanamume alikuwa amesimama mlangoni akimngoja, mikono yake ikimeremeta mafuta. Alimpisha kwa adabu. Nyuma ya nyumba, kwenye ua, kitu kilisogea. Kageha alisimama kizingitini, akageuka mara moja kutazama kijitoni, kama anampa Wasike nafasi ya mwisho.

Wasike akainama akanawa mikono.

Alipoinua kichwa, mlango ulikuwa umefungwa kutoka ndani.